Kupangua na Kupanga Neno: Kutoka Basra hadi Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Iringa hupita hapo ikiendelea Mbeya na Tunduma. Nyingine huchepuka kusini kwenda Njombe hadi Songea. Na reli ya TAZARA nayo ina kituo chake hapo. Wasafiri wengi wanaufahamu mji huu kwa kungoja. Nami nilikuwa nangoja gari la Njombe, asubuhi ya baridi, koti limefungwa hadi shingoni, nilipowasikia vijana watatu kwenye benchi la pembeni wakibishana juu ya daftari.

Mchezo wao ni mwepesi kueleza. Waliandika jina la mji kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, MAKAMBAKO, kisha kila mmoja akatafuta maneno yanayoweza kuundwa kwa herufi zile tisa, bila kuzidisha idadi ya herufi yoyote. Orodha ilikuwa imekwisha kurefuka: kamba, mamba, mambo, mkoba, makao, makaa, boma, amka, komaa, mbao. Hilo la mwisho liliwafurahisha zaidi, kwani malori ya mbao yalikuwa yakipita mbele yetu.

Ndipo mmoja wao akaandika AKAMKOMBA. Herufi zote tisa zilitumika, haikubaki hata moja. Mwenzake akapinga papo hapo: "Hilo si neno. Halimo kwenye kamusi." Waliponiona nimekaza macho kwenye daftari lao, wakanigeukia.

"Shikamoo, mzee. Hebu tuamulie."

"Marahaba, wanangu. Akamkomba maana yake nini?"

"Alimchukulia vyote, akamwacha mikono mitupu," akajibu mwandishi wa neno. Aliyepinga akakiri kuwa maana hiyo anaijua tangu utoto. Ubishi wake ni kwamba neno halikuorodheshwa. Kabla sijatoa hukumu gari likafika, nami nikapanda nikiwa na deni. Makala hii ni malipo ya deni hilo.

Swali la vijana wale lina umri wa zaidi ya miaka 1,200, na aliyelikabili mapema zaidi kwa utaratibu kamili ni mtu ambaye washairi wa Kiswahili wanamdai shukrani bila kujua. Khalil bin Ahmad al-Farahidi aliishi Basra katika karne ya 8, na wanahistoria humnasibisha na Oman, nchi ambayo baadaye ilifungamana na pwani yetu kwa biashara, ndoa na utawala. Yeye ndiye aliyeiweka elimu ya arudhi katika utaratibu. Alizichunguza tungo za Waarabu, akazigawa katika mikondo kumi na mitano aliyoiita bahari. Wa kumi na sita huhesabiwa kuwa uliongezwa na al-Akhfash aliyekuja baada yake. Tunaposema leo kwamba shairi fulani ni la bahari ya utenzi au ya wimbo, tunatumia neno lake, ingawa tumelipa maana yetu.

Mtu huyohuyo aliyepima mashairi ndiye aliyeasisi kamusi ya kwanza ya Kiarabu, *Kitab al-Ayn*. Wengine wangeanza kwa kukusanya maneno kadiri wanavyoyasikia, wakiwa na hofu kwamba mengine yatawaponyoka. Khalil alianza kwa herufi. Alizitwaa herufi za shina, akazipangua na kuzipanga upya kwa kila namna inayowezekana. Herufi mbili hutoa mipango miwili. Tatu hutoa sita. Nne hutoa 24. Tano hutoa 120. Kwa njia hiyo hapana neno lililoweza kujificha, kwa maana kila neno lililopo, na kila ambalo lingeweza kuwapo, lilikuwa limekwisha kuhesabiwa.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuuliza: je, Waarabu wanaitumia sura hii au hawaitumii? Iliyotumika aliiita mustaamali, ikapewa maana na ushahidi. Isiyotumika aliiita muhmali, yaani iliyoachwa, ikapita bila maelezo. Karne mbili baadaye mwanaisimu wa Mosul, Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, aliutumia mtindo huohuo kwa herufi k, l na m. Katika mipango sita aliona mitano inatumika na mmoja umeachwa, akadai kwamba mitano yote ina harufu moja ya maana, nayo ni nguvu. Mitatu kati ya hiyo imefika kwetu, nasi tunaitumia bila kukumbuka kwamba ni ndugu: kalima, kamili na miliki. Tamka konsonanti zake tu, utaona ni zilezile tatu zilizobadilishana viti.

Hili la kwanza na lishikwe: hesabu hutoa yawezekanayo, lakini wasemaji ndio watoao maneno. Khalil hakudhani kwamba mpango wa herufi ni neno kwa sababu tu umepatikana. Alikwenda kuuliza.

Huku kwetu mchezo wa kupangua maneno ulikuwapo kabla ya watoto kuandika kwa herufi za Kirumi, na jina lake ni kinyume. Kanuni yake ya kawaida ni kuitoa silabi ya mwisho ya neno na kuipeleka mwanzo. Kitabu huwa bukita, habari huwa rihaba, Njombe huwa mbenjo. Anayezoea huweza kuzungumza hivyo kwa kasi, na asiyezoea akabaki ameduwaa kama mgeni mbele ya lugha yake mwenyewe. Edward Steere, Mwingereza wa misheni ya UMCA aliyeishi Unguja na baadaye kuwa askofu, alikieleza kinyume katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Kwa hiyo tuna ushahidi wa maandishi kwamba zaidi ya karne moja na nusu iliyopita watu wa Unguja waliyapangua maneno kwa starehe na kwa siri.

Angalia kilichopanguliwa katika kinyume. Ni silabi, si herufi. Hili halikutokea kwa bahati. Mswahili wa zama zile, kama aliandika, aliandika kwa hati za Kiarabu, ambamo konsonanti ndiyo herufi, na vokali ni alama ya irabu inayokaa juu au chini ya herufi hiyo. Herufi pamoja na irabu yake ni silabi moja. Ukiihamisha herufi, irabu yake huifuata kama mtoto mgongoni. Na mshairi aliyehesabu mizani alihesabu kitu hichohicho. Jicho la mwandishi, sikio la mtunzi na ulimi wa mtoto anayecheza kinyume vilikubaliana juu ya kipande kidogo kabisa cha neno. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, kwa herufi za Kirumi, mizani aliyoifundisha ilikuwa bado ni silabi. Hati zilibadilika, kipimo hakikubadilika.

Tena kinyume, ambacho wengi hukidhani ni cha kuharibu maneno, mara nyingine huzaa maneno mengine kamili. Nimeyakusanya machache kwa ajili ya wapenzi wa lugha. Tema ukiigeuza hupata mate, na kwa kweli kinachotemwa ni mate. Wali hugeuka liwa, na wali huliwa. Tena liwa ni ule mti wa manukato ambao unga wake akina mama hujipaka usoni. Choma hugeuka macho. Kazi hugeuka zika. Kata hugeuka taka, tele hugeuka lete, pete hugeuka tepe, na sita hugeuka tasi, samaki wa pwani. Jaribu sasa kuwageuza jamaa wa nyumbani. Mama hubaki mama. Baba hubaki baba. Dada, kaka na bibi hawageuki, maana silabi zao mbili ni pacha. Babu, maskini, hugeuka buba, maradhi ya ngozi. Na kitu ukikigeuza utapata Tuki, jina ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotupa *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* mwaka 1981. Ndiyo kusema, hata walezi wa maneno yetu wamo ndani ya kinyume.

Sadfa hizi hazina siri ya uchawi. Kiswahili kina vokali tano tu, na silabi zake nyingi huishia kwa vokali. Silabi ya namna hiyo inaweza kukaa mwanzo, katikati au mwisho wa neno bila kuvunja sheria yoyote ya matamshi. Kwa hiyo kila kinyume hutamkika, hata kisipokuwa na maana. Mbenjo si neno, lakini linaweza kuwa neno kesho bila ulimi wa mtu yeyote kujikwaa.

Mabadiliko makubwa yalikuja pamoja na herufi za Kirumi na shule. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikashika kazi ya kusawazisha tahajia na kupitisha vitabu. Katika tahajia hiyo konsonanti na vokali ni herufi mbili zilizosimama sawasawa kwenye mstari mmoja. Silabi ilipasuliwa. Mtoto aliyejifunza ba, be, bi, bo, bu aligundua upesi kwamba b inaweza kuachana na a yake, na kutoka hapo ukazaliwa mchezo wa pili, ule wa vijana wa Makambako.

Tuupime kwa herufi nne tu: A, I, L na M. Mipango yake ni 24. Ndani yake nimepata walau maneno matano yaliyo katika kamusi: mali, lima, mila, lami na imla. Sasa yatazame kwa jicho la kinyume. Lima na mali ni jozi moja: li-ma, ma-li. Mila na lami ni jozi nyingine: mi-la, la-mi. Lakini kinyume hakiwezi kamwe kukutoa katika mali kukufikisha kwenye mila, kwa kuwa silabi ma na li haziwezi kuzaa mi wala la. Kwa safari hiyo lazima uvunje silabi, na hilo herufi za Kirumi ndizo ziliruhusu. Imla nayo iko peke yake, haina mwenza miongoni mwa wale wanne. Na si ajabu, kwani imla ni neno la darasani, zoezi la kuandika kile mwalimu anachosoma.

Maneno haya matano yamekaa Njombe kama yaliyozaliwa huko. Watu wa nyanda zile hulima mahindi, viazi, chai na siku hizi parachichi, na hutumaini kulima kutageuka mali. Lami ya barabara ya kutoka Makambako hadi Songea ilitandazwa katika miaka ya 1980, na kila mwenye umri wangu anajua kwamba lami ikipita, mila nazo husogea, nyingine zikapotea na nyingine zikapata wateja wapya. Hata hivyo tusijidanganye kwamba herufi zilijua haya. Lima ni neno la Kibantu, mali na mila yametoka Kiarabu. Hayakuwa na udugu wowote kabla hayajakutana katika Kiswahili. Sisi ndio tunaoyaona yanahusiana, kwa sababu tunaishi mahali ambapo mambo hayo yanahusiana. Ibn Jinni naye, alipoona nguvu katika mipango mitano ya k, l, m, huenda aliona kwa jicho la mshairi kuliko la mwanaisimu. Si dhambi. Ila ajue anayefanya hivyo kwamba sasa anatunga.

Herufi zina tabia nyingine inayofaa kujulikana. Katika miaka ya 1930 Mmarekani aitwaye Alfred Butts, msanifu majengo aliyepoteza kazi wakati wa mdororo wa uchumi, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutokea mara nyingi katika Kiingereza na ipi ni adimu. Kutokana na hesabu hiyo aliunda mchezo ambao tangu mwaka 1948 unaitwa Scrabble. Q na Z akazipa alama nyingi kwa sababu ni adimu kwao. Mtu anayetaka kucheza kwa Kiswahili kwa vipande vilevile atataabika: Q na X hazina kazi, C haitembei bila H, na A hazitoshi hata kidogo, kwani A ndiyo herufi inayotawala maandishi yetu.

Ndiyo sababu Makambako ni mkarimu na Njombe ni bahili. Makambako ina A tatu, na mipango yake yote ni 15,120. Njombe, iliyo mji mkuu wa mkoa wake tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ina herufi sita na mipango 720, lakini haina A hata moja. Nilipokuwa ndani ya gari nilijaribu njia nzima nikapata nje, mno, onje na ombe. Na mawili ya mwisho yanahitaji mtu mbele yake ili yasimame vizuri: aonje, waombe. Kumbuka pia kwamba katika jina hilo nj na mb si herufi za kutawanya ovyo. Kila moja ni mwungano ambao ulimi huutoa kwa pamoja. Onje imeihifadhi nj, ombe imeihifadhi mb, nazo zinasikika kama zimetoka Njombe kweli. Anayepangua Kiswahili vizuri husikiliza kabla ya kuandika.

Sasa turudi kwenye benchi, kwa akamkomba. Je, ni neno?

Kamusi haina ingizo la akamkomba, wala haitakuwa nalo. Frederick Johnson, ambaye kamusi yake ya Kamati ya Lugha ilichapishwa mwaka 1939, aliyapanga maneno yetu kwa kufuata shina, na vinyambuo vikawekwa chini ya shina hilo. Ni njia ya lazima. Kitenzi kimoja cha Kiswahili, ukikipa viambishi vya nafsi, njeo, mtendwa na kauli zote, hutoa maelfu ya sura. Kamusi inayotaka kuziorodhesha zote ingejaza chumba na isitufundishe lolote. Kwa hiyo mtunga kamusi huandika komba, akaeleza kwamba ni kukwangua au kuchukua vyote bila kubakiza, akatenga ingizo jingine la komba, yule mnyama wa usiku arukaye mitini, kisha akamwachia msemaji kazi iliyobaki. Kutokuwamo kwa akamkomba si hukumu dhidi yake. Ni imani kwamba sisi tunajua kuijenga.

Nasi twajua. A- ni yeye aliyetenda. -ka- inasema jambo hili limefuata jingine, kwamba kuna kisa kilichotangulia. -m- ni yule aliyetendwa. -komb- ni tendo. Katika herufi tisa mna watu wawili, mpangilio wa matukio na hasara. Mswahili yeyote akiisikia atauliza: nani? kwa nini? ikawaje? Neno linalomfanya msikilizaji aulize "ikawaje" limekwisha kuthibitisha uhai wake. Kwa kipimo cha Khalil, hiyo ni mustaamali.

Lakini kipimo hicho kina udhaifu wake, na hapa ndipo kijana wa tatu, ambaye muda wote alikuwa kimya, anapoingia. Kabla sijapanda gari alisema kwamba kwao Tukuyu fahali anaitwa ingambako, na kwamba yeye akilisikia jina la mji huu humwona fahali kwanza. Wenzake walicheka: "Hicho ni Kinyakyusa, hatuchezi Kinyakyusa." Akanyamaza tena. Hakukosea, hata hivyo. Wako watu wanaolihusisha jina la Makambako na madume ya ng'ombe, na shina hilo linafahamika katika lugha za nyanda za juu kusini. Kwa orodha ya kamusi ya Kiswahili, -kambako ni muhmali, mpango mtupu wa herufi. Kwa mtoto wa Tukuyu ni mnyama mwenye pembe.

Khalil aliwauliza Waarabu wa zama zake. Alichokiita kilichoachwa kilikuwa kimeachwa na wale aliowauliza. Usanifishaji wetu nao uliuliza Unguja kwanza, kwa sababu zinazoeleweka, na kwa faida ambayo wote tunaila: leo kijana wa Njombe na wa Lamu wanaelewana. Ila tusisahau kwamba orodha ya maneno yasiyokuwapo ni, kwa sehemu, orodha ya watu wasioulizwa. Kiswahili kinachozungumzwa Makambako kimezungukwa na Kibena, Kihehe, Kikinga na Kinyakyusa, na kila moja ina majina ya mimea, udongo, baridi na mifugo ambayo kamusi ingeyahitaji kama mtu angekwenda kuyauliza na kuyaeleza. Kuyacheka ni njia ya haraka ya kuyafanya muhmali. Mtoto akichekwa mara mbili hatalitaja neno hilo mara ya tatu.

Siku hizi programu ya kompyuta hutoa mipango 15,120 ya Makambako kabla hujafumba jicho, na kuilinganisha na orodha ya maneno iliyolishwa. Kazi ya kupangua, ambayo kwa Khalil ilikuwa ya subira kubwa, imekuwa rahisi kabisa. Iliyobaki ngumu ni ileile ya zamani: kujua lipi linatumika, na nani, na kwa maana gani. Programu iliyolishwa maingizo ya kamusi tu italikataa akamkomba kwa sauti ya uhakika, kama yule kijana wa kwanza. Italipokea kamba bila kujua kwamba kamba ya fundi ni ya kufungia na kamba wa mvuvi ni wa kuliwa.

Hukumu yangu basi, kwa kuchelewa, ni hii. Akamkomba ni neno, na aliyeliandika ameshinda, kwa sababu alipoulizwa maana aliitoa bila kusita. Laiti asingeweza kuieleza, angekuwa amepata herufi tu. Aliyepinga naye ana haki ya kudai kamusi, maana bila kidai hicho kila mtu angebuni lake. Ila aisome kamusi kwa kufuata shina, kama ilivyoandikwa. Na yule wa tatu alistahili kuulizwa swali moja zaidi kabla ya kuchekwa.

Kwa washairi nina neno la ziada. Mchezo wa herufi unanoa jicho, nasi tuucheze. Lakini kipimo chetu ni silabi, na kinyume ndicho kinachoizoeza sikio. Ukikigeuza Makambako kwa kinyume hupati ghasia. Unapata ko-ma-ka-mba, nayo inasikika kama amri: koma, kamba! Na ukilisoma jina hilohilo taratibu, kuanzia herufi ya nne hadi mwisho, bila kupangua chochote, utaliona neno ambako limekaa humo muda wote. Mji wa njia panda umebeba ndani yake neno la kuonyesha mahali. Nilipita hapo mara nyingi kabla sijaliona.

Naufunga mjadala kwa ubeti mmoja wa mizani kumi na sita, niliouanza ndani ya gari lile na kuumaliza nyumbani:

Lima ukilipindua, mali itajitokeza,
Mila ukiipangua, lami itajieneza,
Herufi kuzichangua, hapo bado hujaweza,
Neno ni kulitambua, maana kuieleza.

Msomaji mwenye jina la mji wake na daftari tupu ajaribu. Aandike jina, atafute maneno, kisha mbele ya kila neno aandike maana kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kufungua kamusi. Na kama kuna lile ambalo nyanya yake analijua nasi hatulijui, aliandike hilo kwanza.